Safu ya Maneno

Mwalimu hakuandika modeli ya kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Nilipoanza kazi kwake nilidhani huo ni ushamba wa mwanamke aliyejifunza kompyuta ukubwani. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, kisha akajifunza kuandika programu peke yake, kwa vitabu na kwa ukaidi, akakodi chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo hapa Garsen. Humo ndimo tulimotengenezea programu ya simu ya kuwatahadharisha watu wa Mto Tana kuhusu mafuriko. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata wenye duka, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha, nami sitamwita vingine.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza kama najua modeli ni nini. Nikaanza kumsomea niliyoyakariri chuoni. Akanikatiza.

"Modeli ni fomu, Hawayu. Inakwambia kitu fulani kina visanduku gani. Kipimo cha maji kina mahali, saa, kina cha mto, na jina la aliyesoma. Basi. Na kiunganishi?"

Nikasema ni kipande cha programu kinacholeta taarifa kutoka nje.

"Ni karani. Huku anapokea ujumbe wa simu, kule anapokea faili la mvua, kila kitu anakitia kwenye kisanduku chake. Karani mzuri hana maoni."

Nilipenda sana maneno hayo. Niliyarudia kwa watu wengi kana kwamba ni yangu.

Hakuwa na ubao. Alichora visanduku vyake kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, akiwa ameinama, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na mimi nilisimama ukutani nikimsubiri amalize. Tulipopita chumbani tulivikwepa visanduku hivyo kama mtu anavyokwepa nafaka iliyoanikwa. Kimoja hakuruhusu kabisa kikanyagwe, kile kilichoandikwa MTU. Siku moja nilikikanyaga bila kukusudia, nikienda kuzima feni, naye akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

"Toka hapo," alisema. "Kuna watu humo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri mpaka nikaondoa mguu, kisha akapiga magoti akarudishia mstari nilioufuta.

Programu ilisajili pia kaya za kutahadharishwa, na huko mimi ndiye niliyekosea kwanza. Niliandika modeli inayosema kila kaya ina kijiji kimoja. Mwalimu aliisoma, akachukua mtandio wake, akaniambia tutoke. Akanipeleka soko la mifugo, akanisimamisha mbele ya mfugaji mmoja Muorma aliyekuwa ameegemea fimbo yake.

"Muulize anakaa wapi."

Nikamsalimu yule mzee, nikamuuliza.

"Sasa hivi, au ng'ombe wakirudi?" akauliza yeye.

"Vyovyote, baba."

"Mvua ikinyesha mimi niko huko nyuma, mbali na mto. Jua likikaza niko delta na ng'ombe. Wewe unataka kuandika miguu yangu au kitanda changu?"

Tuliporudi, Mwalimu alifuta kisanduku kimoja kwa unyayo akachora viwili. Hakunisema. Lakini tangu siku hiyo kila nilipomletea modeli mpya aliniuliza, "Umemuuliza nani?" Na kama sikuwa na jina la kumtajia, nilirudi nikatafuta.

Asubuhi zake zilikuwa za aina moja. Mto ulikuwa na nguzo zenye alama za kupimia, moja kila kijiji tulichofanya nacho kazi, na kila nguzo ilikuwa na msomaji wake. Msomaji aliteremka ukingoni jua likichomoza, akaangalia maji yamefika alama gani, akatuma ujumbe. Mwalimu alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na chai yake kavu akitazama namba zikiingia, na kila ilipoingia moja aliitikia kwa sauti ya chini. "Wenje kaamka. Hewani kaamka. Chara kaamka." Ilikuwa kama mama anayehesabu wanawe. Namba ikichelewa hakugusa chai.

Wakati mmoja ujumbe wa Hewani haukuja, na kiunganishi nilichokiandika mimi kikajaza sifuri. Kwenye ramani mto ukaonekana umekauka Hewani, maji yakawa yapo juu yake na yapo chini yake. Mimi nilikiona kama kichekesho kidogo. Mwalimu aliniita nikae.

"Tupu si sifuri," alisema. "Tupu maana yake hatujui. Sifuri maana yake tunajua, na hakuna maji. Ukimwambia mtu wa Chara hakuna maji, na wewe hujui, umemuua kwa adabu nzuri."

Alikuwa mkali namna hiyo, na alikuwa na haki. Ndiyo maana ninaona tabu kusimulia kosa lililokuwa lake. Lilikuwa letu, kwa kweli, ila yeye ndiye aliyelichukua lote.

Mwanamke huyu aliyenipeleka sokoni kumwuliza mtu kitanda chake kiko wapi hakuwa na subira na maneno ya watu. Alipenda kuona. Kusikiliza kulimchosha. Msomaji wetu wa Wenje alikuwa Mzee Buya, mkulima wa migomba, mtu wa maneno mengi na heshima nyingi. Siku tulipokwenda kusimika nguzo yake alitueleza habari za mto tangu utoto wake, na Mwalimu alitazama saa mara kadhaa. Njiani kurudi aliniambia, "Yule mzee akitaka kukupa namba moja anaanzia kwa babu yake. Kwenye modeli weka namba tu. Maneno yanachelewesha."

Nikaweka namba tu. Nikakiandika kiunganishi kisome ujumbe, kichukue namba, na kilichobaki kikiache. Hakikufutwa, kilibaki kwenye faili la kumbukumbu la seva, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia mpaka mashine iharibike. Kiunganishi kilifanya kazi vizuri ajabu. Karani asiye na maoni.

Mwaka ule mvua za kule mto unakotoka zilikuwa nzito. Namba za Wenje zilipanda siku hadi siku, tahadhari zetu zikatoka, watu wa delta wakahama mapema na mifugo yao, na wengi walitushukuru. Hapo ndipo asubuhi moja Wenje haikuamka. Kisanduku kilibaki tupu. Mwalimu aliisukuma chai pembeni. Jioni tukapata habari kwa simu: ukingo ulimeguka Mzee Buya akiwa amesimama juu yake. Walimpata baada ya siku mbili, upande wa chini wa mto, ameshikwa na mizizi. Simu yake, iliyokuwa mfukoni mwa shati, haikuonekana.

Tulikwenda mazishini. Mjane wake alitupokea kwa upole, akatukalisha mkekani, na maneno aliyotuambia sijayasahau.

"Sisi tulikuwa tunamwambia, usiende, pale pabaya. Yeye anasema, watu wa chini wanangoja namba. Anasema, nimewaambia wale wa Garsen, watakuja."

Mwalimu alimtazama. "Alituambia nini, mama?"

"Si alikuwa anaandika kwa simu? Kila siku."

Tulirudi Garsen. Mwalimu hakuvua hata viatu. Akavuta kiti karibu nami, akasema, "Fungua kile ambacho kiunganishi kinakiacha."

Ilikuwa mchana, feni inazunguka, nje mtu anapima dawa ya kupe. Nilifungua faili la kumbukumbu, nikachuja ujumbe wa namba ile, nikamsomea.

*Wenje 3.05. Ukingo unakatika karibu na nguzo.*

*Wenje 3.20. Leo nimeangalia kwa mbali, macho hayashiki vizuri.*

*Wenje 3.40. Naomba mtu aje aone. Nguzo ihamishwe.*

*Wenje 3.55. Bado nawangoja.*

*Wenje 3.70. Nangoja.*

Hapakuwa na kingine. Namba zile zote zilikuwa kwenye mfumo, safi, kila moja katika kisanduku chake. Mwalimu akasema, si kwangu, "Nilisema maneno yanachelewesha."

Kesho yake, saa moja kasorobo asubuhi, saa ile ile aliyozoea kutuma Mzee Buya, kiunganishi kilipokea ujumbe kutoka namba yake.

Mimi ndiye niliyeuona kwanza. Haukuwa na kitu ndani. Kiunganishi kilikuwa kimeandika kwenye kumbukumbu kwamba hakikupata namba, kikaacha kisanduku tupu. Nilimwonyesha Mwalimu. Nikamweleza haraka haraka, kabla hajauliza, kwamba mnara wa simu wa kule ulikuwa umezimwa na mafuriko na sasa umerudi, kwa hiyo ujumbe wa zamani uliokwama unafika kwa kuchelewa. Hutokea.

"Inawezekana," alisema.

Ukaja tena siku iliyofuata, saa moja kasorobo. Na iliyofuata. Kila mmoja mtupu. Nilipiga ile namba mara nyingi, haikupatikana. Nilimpigia mjane, nikamuuliza kwa kuzunguka kama labda laini imesajiliwa upya kwa mtu mwingine. Akasema hapana, hajaenda popote, yuko eda. Kila asubuhi mimi na Mwalimu tulikaa mbele ya kioo tukiingoja saa hiyo. Nilimwomba nikifunge kiunganishi kwa namba hiyo moja. Ni mstari mmoja tu wa kuandika.

"Usimfunge," alisema. "Hajamaliza."

Nilitaka kumuuliza nani hajamaliza. Niliuacha ule mstari bila kuuandika.

Asubuhi ya tisa alikuja na chaki. Akapiga magoti, akaongeza kisanduku kimoja kwenye modeli ya kipimo, chini ya kina na juu ya jina la msomaji. Akaandika MANENO. Nikaiongeza safu hiyo kwenye hifadhidata, nikakibadilisha kiunganishi kisiache kitu tena: namba iende kwenye namba, na chochote kinachobaki kiende kwenye maneno. Ilituchukua mpaka alasiri. Tukapanga pia kwamba kesho yake tutaondoka alfajiri kwa gari la kukodi, tufike Wenje saa tatu, tuchague mahali salama pa kuhamishia nguzo, iliyokuwa bado imesimama. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba. Tukampigia mjane tukamwarifu saa ya kufika.

Kesho gari lilikuja mapema, lakini Mwalimu alikataa kutoka kabla ya saa moja kasorobo. Dereva alipiga honi. Sisi tulikaa. Saa ilipofika, mstari mpya ukajitokeza kwenye kioo. Kina: tupu. Na kwenye safu tuliyoifungua jana yake, kulikuwa na haya:

*Msije tena. Nimeshatoka hapo.*

Niliyasoma mara mbili. Nikasema ni ujumbe wa zamani, labda alimwandikia mtu mwingine, akakosea namba. Mwalimu alisema inawezekana. Nikasema basi twende, tunachelewa. Akasema subiri. Alikaa pale mbele ya maneno yale mikono ikiwa mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu, na kila nilipomhimiza alisema, "Subiri kidogo, mwanangu." Dereva akaja mlangoni kulalamika. Muda ukaenda. Mwisho alisimama akasema twende, ila twende polepole.

Tulifika Wenje saa nne na nusu. Watu walikuwa wamesimama shambani mbali na mto, wote wanatazama upande mmoja. Nguzo haikuwapo. Hata mahali ilipokuwa imesimama hapakuwapo. Ukingo ulikuwa umekatwa kama mkate, kipande kikubwa na migomba yake, na chini maji ya rangi ya udongo yalizunguka bila sauti. Mjane wa Mzee Buya alimtuma mtu kuja kutuita uani kwake.

"Imeanguka saa tatu," alisema. "Mimi nilisikia nikajua ninyi mko pale. Mlisema mnakuja saa tatu."

"Tulichelewa," akasema Mwalimu.

"Nani aliwachelewesha?"

Mwalimu akamwambia yote, tangu kisanduku cha maneno alichokikataa mpaka ujumbe wa asubuhi ile. Hakujitetea popote. Yule mama alisikiliza, na alipomaliza aliuliza jambo moja tu, "Amesema ametoka?"

"Amesema ameshatoka."

"Basi," akasema mjane, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa mara ya kwanza mbele yetu.

Ujumbe haukuja tena. Niliwahi kuwauliza watu wanaojua mambo ya mitandao. Walinieleza jinsi ujumbe unavyoweza kukwama na kufika kwa mafungu, na walinieleza vizuri. Nilipowaambia kuhusu saa, kwamba kila siku ulifika saa ile ile, waliniuliza kama nina hakika. Faili ninalo. Nina hakika.

Mwalimu alibadilika baada ya hapo, ingawa si kwa namna ambayo watu wa nje wangeiona. Bado alikuwa mkali. Bado alikwenda kukiona kitu kabla ya kukiandika. Lakini asubuhi aliacha kusema fulani kaamka. Alisoma safu yote ya maneno kwa sauti, kutoka juu ya mto hadi chini, nami nikisikiliza. Ndama wa fulani amepotea. Kiboko ameharibu mpunga. Mtoto wangu ana homa, leo amesoma mke wangu. Na palipokuwa na jambo la kujibu, alijibu yeye mwenyewe, kabla ya chai. Wasomaji walianza kumwandikia zaidi. Mengine hayakuwa na uhusiano wowote na maji, na aliyasoma vilevile mpaka mwisho.

Kuna siku nilimkuta anatabasamu peke yake mbele ya kioo. Nikamuuliza nini. Akasema, "Mzee wa Chara ananieleza habari za babu yake." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Akaja kuacha kazi kidogo kidogo. Kwanza alisahau majina ya safu, kisha majina ya vijiji, kisha asubuhi moja alinikuta chumbani akaniuliza kwa adabu kama mwenye ofisi yupo. Binti wa dada yake alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye Hewani, nyumba ya pembeni karibu na msitu. Mimi nikabaki na mfumo.

Nilimwona mara ya mwisho msimu huu wa kiangazi. Tulikuwa tunasajili kaya upya, na Hewani nilijipangia mwenyewe kwa ajili yake. Nilikodi pikipiki, nikafika mchana jua likiwa kali. Nyani walikuwa wamekaa kwenye ua wa makuti wakanitazama bila kukimbia. Binti alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Ndani, sebuleni, Mwalimu alikuwa kwenye kiti, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, na mbele yake viti vingine viwili vimepangwa kama vya wageni.

Hakunifahamu. Alinikaribisha kwa heshima, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema ninaandikisha kaya, kwa ajili ya tahadhari ya maji.

"Kazi nzuri," alisema. "Uliza."

Nikatoa simu nikafungua fomu. Nikamuuliza jina, akalitaja bila kusita. Nikamuuliza kama wanahama wakati wa mafuriko, akanieleza njia ya kupita hadi mahali pa juu, sawasawa kabisa. Nikamuuliza wanaoishi humu ni wangapi.

"Watatu."

Nilimtazama binti aliyekuwa ameingia na maji ya kunywa. Nilijua wanaishi wawili.

"Watatu?" niliuliza tena.

"Mimi, huyu mwanangu, na huyu hapa," alisema Mwalimu, akaelekeza mkono kwenye kiti kilichokuwa kati yangu na dirisha. Hakuonyesha kama mtu anayeota. Alionyesha kama mwenye nyumba anayemtambulisha mtu aliyekaa kimya muda mrefu na ambaye itakuwa utovu wa adabu kumsahau.

Binti aliweka bilauri mezani. "Andika tu, dada," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mwanzo nilikuwa nabisha. Siku hizi nikipakua chakula mkono wenyewe unachukua sahani tatu."

"Ni nani, Mwalimu?" nikauliza.

Alinitazama, na kwa kitambo kidogo nilidhani amenitambua, kwa sababu uso wake uliingia ule ukali wa zamani.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Mbona unaniuliza mimi?"

Sikumuuliza. Niliandika tatu, nikahifadhi, nikanywa maji yote. Tukazungumza kidogo habari za mpunga. Kisha nikasimama, nikashika mkono wa Mwalimu, nikamshika mkono binti, nikatoka juani.

Pikipiki ilikuwa imeshapita msitu, na dereva alikuwa ananiuliza mara ya pili kama tupitie barabara kuu, ndipo nilipogundua kwamba pale sebuleni nilikuwa nimeaga mara tatu.